Ushauri: Nipo Saint-Malo na mama, tangu Jumanne hagusi chakula cha hotelini

Mtoto wa Raskazone

Habari za saa hizi wakuu. Naomba ushauri wa haraka kwa mliowahi kuendesha gari pwani ya Ufaransa, au mnaojua Kifaransa.

Tupo wanne: mimi, mke wangu, mtoto wa miaka 6, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea Uingereza kutoka Tanga. Tulivuka na gari letu kwa feri ya Portsmouth hadi Ouistreham, tukalala, kesho yake tukashika barabara kuu ya A84 kuja huku Saint-Malo. Nia yetu ni kuifuata pwani mpaka La Rochelle. Mama ndiye aliyetaka bahari, maana milima ameshaizoea Lushoto.

Kifaransa hatukijui. Tulitegemea simu itatafsiri.

Jumanne mchana tuliingia mgahawa wa galette, ambazo ni kama chapati za maji ila unga wake ni mweusi. Kwenye orodha nikaona "complète". Nikajua ni iliyokamilika, yenye kila kitu, nikamwagizia mama. Ikaja imekunjwa pembe nne, kiini cha yai kinang'aa katikati. Mama akasema bismillah, akala. Alipofika nusu, mke wangu akainua ukingo kwa uma, akaona kitu cha rangi ya waridi chini ya jibini. Tukamuuliza mhudumu, akasema "jambon". Simu ikatuambia: paja la nguruwe.

Mama hakusema neno. Aliweka uma, akatoka nje, akasukutua kinywa kwa maji ya chupa, kisha akaenda kukaa garini akitusubiri tulipe.

Tangu siku hiyo anakula mkate mkavu, chai, na tende alizokuja nazo. Nikimuuliza ananiambia, "Usijali mwanangu, mimi sina njaa." Hilo ndilo linaloniumiza. Ana miaka 67, na safari hii nilimwekea akiba miaka miwili.

Juzi usiku nikaharibu tena. Nje ya mgahawa mmoja karibu na ukuta wa mji kulikuwa na ubao, umeandikwa "Bar grillé". Kuona neno bar, nikamwambia mke wangu tuondoke, hapa ni mambo ya pombe. Jana mwenye nyumba tuliyopanga akanieleza kwamba bar ni samaki. Kwa hiyo chakula ambacho mama angekila kilikuwepo, na mimi ndiye niliyemwondoa mlangoni.

Naomba mnisaidie: nisemeje ili nisimlishe tena kitu kisichofaa? Na kingine cha haraka, gari letu ni la petroli, pampu za huku zimeandikwa gazole na SP95. Ipi ndiyo yangu?

Dada wa Nantes

Pole sana kaka, na mama mpe shikamoo yangu. Mwambie aliyekula bila kujua hana lawama. Mimi wa Mombasa, nipo huku mwaka wa 11, na mama yangu yalimkuta hayo hayo.

Cha kwanza, usianze na swali. Anza na "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", kisha nyamaza mpaka ujibiwe. Ni kama kwetu, huwezi kuingia dukani ukasema nipe sukari bila kumjulia hali muuzaji. Ukiruka salamu, watu wa huku wanakuona huna adabu, na hapo hata anayejua Kiingereza anakisahau.

Ukishajibiwa sema: "Sans porc, sans alcool, s'il vous plaît." Bila nguruwe, bila pombe. Yaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mama awe nayo mwenyewe mkobani, asikutegemee wewe tu. Galette aombe ya "œuf-fromage", yai na jibini basi. Maneno ya kukimbia ni jambon, lardons, andouille, yote ni nguruwe. Kome wa "marinières" wanapikwa na divai nyeupe. Na mkiona watu wanakunywa kitu cha dhahabu kwenye vikombe kama bakuli, msidhani ni juisi ya tofaa. Hiyo ni cidre, ni kilevi. Juisi ni "jus de pomme".

Fundi wa Temeke

Mkuu, gazole ni DIZELI. Jina linafanana na lile la Wamarekani la petroli, ndiyo maana wengi wanaumia. Angalia alama kwenye mkono wa pampu na ndani ya kifuniko cha tangi lako: petroli ni duara, imeandikwa E5 au E10, dizeli ni mraba, imeandikwa B7. Ukikosea usiwashe gari, hata swichi usiguse. Ita wavutaji, tangi limwagwe.

Usukani wako uko kulia, kwa hiyo vibanda vya kulipia barabara vitakuwa upande wa abiria. Bretagne yote, jimbo mlilopo sasa, hakuna kulipa, lakini ukishuka A83 kwenda La Rochelle utalipa. Aliyekaa mbele kushoto ndiye awe na kadi mkononi. Njia yenye "t" ya rangi ya chungwa peke yake usiingie, ni ya wenye kifaa cha kulipia garini.

Mtu wa Bukavu

Ndugu, hata sisi tunaosema Kifaransa tunapotea huko. Kwetu Congo tulirithi cha Wabelgiji: 70 ni septante, 90 ni nonante. Ufaransa 70 ni "sitini-kumi", na 90 ni "nne-ishirini-kumi". Nilikuwa Concarneau, muuzaji akataja bei inayoanza na soixante, yaani sitini, nikatoa euro 60 nikageuka kuondoka. Kumbe alikuwa hajamaliza, ilikuwa 72. Akaniita kwa sauti mbele ya watu wote. Omba waandike, au tazama mashine.

Na chakula: kwetu dîner ni cha mchana, kwao ni cha usiku. Nilialikwa dîner na familia moja, nikabisha hodi saa sita na nusu mchana nikiwa na maua. Mama wa nyumba alikuwa anafua.

Bint Makorora

Kaka, nyumba mliyopanga ina jiko? Basi mpeleke mama sokoni achague mwenyewe. Mtu wa Tanga anamjua samaki kwa macho.

Mtoto wa Raskazone

Wakuu, Mungu awalipe. Leo Ijumaa nawapa mrejesho.

Asubuhi tulikwenda sokoni. Mama alisimama kwenye barafu ya muuza samaki akasema, "Huyu si taa huyu?" Kibao kinasema raie. Alikuwa ameshachunwa, mabawa tu, lakini hakumpotea. Akasema "Bonjour madame" mwenyewe, akangoja, akajibiwa kwa tabasamu, akaonyesha kwa kidole. Amempika kwa nazi ya kopo na limau. Amekula sahani mbili.

Jioni saa kumi na moja tulitaka kuvuka kwa miguu kwenda Grand Bé, kisiwa chenye kaburi la Chateaubriand, mwandishi wa Kifaransa. Ubaoni imeandikwa "pleine mer 20h45", simu ikatafsiri "bahari wazi", nikaona hakuna shida. Mama akanishika mkono. "Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Hili bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, litakuja mbio. Hatuvuki." Haikupita saa moja, njia yote ya mawe ilikuwa chini ya maji.

Dada wa Nantes

Alhamdulillah! Pleine mer ndiyo maji kujaa, kaka, na saa 20h45 ndipo yanapofika juu kabisa. Maji kupwa ni "basse mer". Saint-Malo yanaweza kupanda zaidi ya mita 12 wakati wa bamvua kubwa, msicheze nayo. Na mwambie mama: maji yakiwa madogo, kinyume cha bamvua, Wafaransa nao wanasema "mortes-eaux", yaani maji mafu, neno kwa neno kama letu.

Mtoto wa Raskazone

Nimemsomea. Ameniambia nimwandikie hayo yote kwenye ile karatasi ya sans porc, upande wa nyuma. Kesho tunashuka La Rochelle, mama atakaa mbele kushoto na kadi.