Mrejesho: mwarobaini na saumu kwa kuku wa nyama

Wadau, niliwauliza kama mwarobaini na kitunguu saumu vitawafaa broila wangu hapa Malindi. Mwarobaini niliukoroga mkali mno. Vifaranga wakaonja, wakakikimbia chombo cha maji. Na kwa joto letu hili, kuku asipokunywa, hata kula hali. Nikaumwaga wote. Saumu niliitwanga, nikachanganya kidogo kwenye chakula, wakaila bila shida. Wamefika wiki 6 wakiwa wazito, ila sikutenga kundi lisilopewa, kwa hiyo siapi kwamba ni saumu. Wiki ya 3 walipoharisha damu sikungoja majani: daktari wa mifugo akasema ni koksidia, vijidudu vya utumbo, akatoa dawa yake, amproliamu. Yule mzee aliyenionya nisitie chochote kwenye maji ya chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, ahsante sana, nilikuwa nishatwanga saumu ya kutia humo!