Naomba ushauri: mtoto katanguliza makalio, madaktari wawili wananipa majibu tofauti

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya pili, wiki ya 36 sasa. Wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida bila shida. Ultrasaundi ya juzi imeonyesha huyu amekaa kitako, miguu imenyooka kuelekea usoni.

Daktari wa kwanza, bingwa wa uzazi, hata hakumaliza kusoma majibu: "Tupange tarehe ya upasuaji." Wa pili naye ni bingwa, ila mtu mzima zaidi na amezalisha watoto wengi wa namna hii. Yeye anasema wiki ya 37 tujaribu kwanza kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, jambo ambalo hufaulu karibu nusu ya mara. Akigoma kugeuka, kwa mkao huu na kwa kuwa nimeshazaa, kuzaa kawaida bado kunawezekana, mradi chumba cha upasuaji kiwe tayari.

Nilipomuuliza mbona mnapishana, akacheka. Akasema utafiti mkubwa wa mwaka 2000 uliona upasuaji uliopangwa ni salama zaidi kwa mtoto, basi waliosomea ubingwa baada ya hapo wengi hawakupata nafasi ya kujifunza kwa vitendo kuzalisha mtoto wa mkao huu kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo napasuliwa kwa sababu ya mtoto, au ya daktari?

Waliopitia hili, na wakunga mliomo humu: nimuulize nini huyu wa pili kabla sijaamua? Mume wangu anataka upasuaji, yaishe.