Ushauri: Nisome Ujerumani huku nalipwa mshahara, au nishike nafasi niliyopata hapa?

MtotoWaKirumba: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kidato cha sita (PCM) na nimepata chuo hapa nchini, uhandisi wa mitambo. Mjomba aliyeko Stuttgart anasema niachane nacho, huko kuna chuo kinaitwa DHBW: miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, na mshahara unaingia. Kijerumani nipo B1 (ngazi ya kati). Mama anasema huo ni utapeli. Naombeni mwanga.

FundiMannheim: Mwambie mama kipo, nipo mwaka wa pili. Ila mjomba kakurusha hatua. Huku huanzi na chuo, unaanza na mwajiri. Unaomba kwenye kampuni kama mtafuta kazi yeyote, mkishasaini mkataba wa miaka mitatu ndipo chuo kinakupokea. Masomo huanza Oktoba, na kampuni nyingi husaka watu mwaka mzima kabla. Mshahara hauguswi hata miezi ya darasani. Likizo ndefu za chuo sahau, una likizo ya mfanyakazi tu. Na B1 haitoshi kabisa, msimamizi kiwandani anaongea lahaja ya kwao na hakungoji.

MzeeWaMagomeni: Sisi wa vyuo vya hapa, fildi (mafunzo ya kazini) wiki nane, kazi kutumwa fotokopi 😂

MtotoWaKirumba: Ada je?

FundiMannheim: Vyuo vya serikali vya Baden-Württemberg, jimbo la DHBW, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Muulize mwajiri kama anakulipia.

DadaLeipzig: Mdogo wangu, nafasi usiiachie. Ingia mwaka wa kwanza hapo hapo, sukuma Kijerumani hadi B2 (ngazi inayofuata), maombi utume ukiwa darasani. Angalia pia kwenye anabin (tovuti ya Kijerumani ya kukagua vyeti vya nje) kama cheti chako kinatambulika moja kwa moja. Halafu hiyo siyo njia pekee. Mimi nasoma kawaida na kufanya kazi pembeni, sheria inaniruhusu siku nzima 140 kwa mwaka. Kibaya ni kwamba kwa visa nilitakiwa kuonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima, na sasa hivi ni euro 11,904. Mwenye mkataba anaweza kuonyesha mshahara wake.

MtotoWaKirumba: Shukrani dada. Mama kakaa hapa anauliza: akiacha katikati, anadaiwa?

FundiMannheim: Inategemea mkataba. Baadhi ya kampuni huweka kipengele cha kurudisha gharama, au cha kubaki nao muda fulani baada ya kuhitimu. Msisaini kitu kabla hakijatafsiriwa.