Ndafu zangu zinapendwa Instagram ila oda haziji. Kijana anataka laki tatu kwa mwezi, nimpe?

MamaNdafu_Majengo

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nachoma ndafu, mbuzi mzima wa sherehe, hapa Moshi, Majengo. Harusi, sendofu, kipaimara, zote napeleka. Mbuzi namchagua mwenyewe mnada wa Weruweru, simtumi mtu. Ndafu yangu inaingia ukumbini imesimama, karoti na hoho mahali pake, majani mdomoni, na nyama haijaungua nje ikabaki mbichi ndani kama nyingine ninazoziona. Kwa hiyo kazi ninaijua. Kinachonishinda ni simu.

Instagram nina wafuasi elfu sita na kitu. Nikiweka klipu ya ndafu inaingizwa kwa vigelegele, laiki zinapita mia saba. Komenti ni "bei?", "bei?", "bei?". Najibu "njoo inboksi mpenzi". Akija namuuliza sherehe lini, ukumbi upi, mbuzi wa ukubwa gani, ananyamaza. Oda zinazolipa bado zinatoka kwa wanakwaya wenzangu na mpishi mmoja wa Kiboriloni.

Sasa kuna kijana wa Arusha anataka asimamie ukurasa kwa laki tatu kwa mwezi. Anaahidi wafuasi elfu ishirini kabla ya Desemba. Hiyo hela mnadani napata mbuzi wa maana.

Na kabla hamjasema niandike bei: mbuzi hawalingani. Halafu kuna wachomaji wawili wa Pasua wanasubiri nitaje laki tatu na nusu tu, wao waseme tatu.

Chalii_wa_Sakina

Mama shikamoo. Usimpe. Wafuasi elfu ishirini wa kuahidiwa ni wa kununua, na hao hawali ndafu. Kama unamwonea huruma, muombe namba za wafanyabiashara watatu anaowasimamia, uwapigie mwenyewe uwaulize wameuza nini. Akianza kukuonyesha picha za laiki, msalimie muachane vizuri.

Mhasibu_wa_Kamati

Mimi si mtu wa masoko. Ila kila ukoo una yule mmoja anayekabidhiwa daftari la michango, na kwetu ni mimi, kwa hiyo nakuambia tunavyonunua.

Bibi harusi ndiye anayekulaiki. Anayelipa ni kamati, na kamati inakaa kwenye grupu la WhatsApp. Siku ya kupanga bajeti ninashuka mstari kwa mstari: ukumbi, MC, mapambo, keki, ndafu. Kwenye kila mstari nahitaji tarakimu. Binti anatuma linki yako ya Instagram. Wazee wakibonyeza wanaambiwa waingie kwenye akaunti, na wao akaunti hawana. Mwenyekiti anauliza, "Huyu ni shilingi ngapi?" Binti anajibu eti mpaka tumfuate inboksi. Hapohapo shangazi mmoja anatupia picha ya ndafu ya mtu mwingine, imeandikwa bei na namba ya simu juu yake. Nyama yake hatujawahi kuionja. Naandika ile bei, tunahamia vinywaji.

Umekosa kazi na hukuwahi kujua kama tulikujadili.

Kwa hiyo tengeneza picha moja inayoweza kutembea bila wewe. Mtu akiifowadi kwenye grupu la watu themanini, ijibu yenyewe: ndogo bei gani, ya kati, kubwa, usafiri umo au haumo, anayekata ni nani, malipo ya awali kiasi gani na siku ngapi kabla. Mbuzi hawalingani, nakubali. Kumbi nazo hazilingani na zote zina bei. Wewe weka madaraja matatu, ukimpata mbuzi mkubwa kidogo kuliko daraja lake, hiyo ni bahati ya mteja.

Wale wa Pasua wasikusumbue. Bei yako wanaijua, wameshamtuma shemeji yao akakuulize.

MamaNdafu_Majengo

Hilo la shemeji limenichekesha, maana kuna mmoja aliuliza maswali mengi mno. Asante kaka. Basi Instagram nifunge? Na wale wa Dar wanaopanda huku kwa sherehe Desemba nawafikiaje?

DadaPicha_Njiro

Usifunge, dada yangu. Hapo Mhasibu amesahau hatua moja: wakishapata bei, kuna kijana kwenye kamati anaingia Instagram kuhakikisha wewe si tapeli. Bandika juu posti tatu, na mojawapo iwe ile picha ya bei. Kwenye maelezo ya ukurasa andika Moshi na namba. Sasa hivi nimepitia kurasa kadhaa za ndafu, nusu sijui hata ziko mkoa gani.

Mauzo yahamishie WhatsApp Business, ipo tangu 2018 na ni bure. Ina katalogi, na ina majibu ya haraka, yale maswali yako matatu unayahifadhi mara moja tu. Ila kuna jambo wengi hawalijui kuhusu orodha ya matangazo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi: unamfikia aliyehifadhi namba yako peke yake. Wengine hawaupati, na wewe huambiwi. Kwa hiyo siku unakabidhi ndafu, simama hapo hadi mhasibu ahifadhi namba.

Wa Dar lipia tangazo Oktoba na Novemba, ukichagua mwenyewe eneo liwe Dar es Salaam. Desemba wameshapanda na bajeti imefungwa. Kwaresima usilipie kitu, harusi za kanisani huwa chache.

Halafu klipu zako zina sura za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria, muulize bibi harusi kwanza. Wengine hawataki kuonekana wakilishwa nyama.

MamaNdafu_Majengo

Nimeandika hivi, semeni:

"NDAFU MOSHI. Ndogo 280,000. Ya kati 350,000. Kubwa 430,000. Imechomwa, imepambwa, inaletwa ukumbini Moshi mjini bila nyongeza. Nusu ya malipo wiki mbili kabla. WhatsApp na kupiga:" halafu namba.

Mhasibu_wa_Kamati

Hii naiweka kwenye grupu leo. Ongeza mambo mawili. Kisu na ubao vinakuja nawe au tunatafuta wenyewe? Kuna sherehe tulikata kwa kisu cha jikoni cha ukumbi, MC akamaliza vichekesho vyote. Na usafiri umeandika Moshi mjini tu, wakati harusi nyingi za Desemba ziko huko juu mlimani. Marangu ni shilingi ngapi? Kibosho je?