Acheni kukamua matiti ya vichanga, mnawaumiza watoto!

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha.

Binti wa mdogo wangu, hata arobaini haijafika, kalazwa wodini. Titi la kushoto limevimba, jekundu, la moto, ukiligusa tu analia mpaka sauti inakauka. Jipu. Limepasuliwa, usaha umetolewa, sasa anachomwa sindano za antibayotiki. Na chanzo tunakijua wote: yule mama anayelipwa kuja kumwogesha na kumkanda. Akishampaka mafuta, anambana chuchu kwa vidole viwili, anakamua. Bibi mtu kashika taulo pembeni, anasisitiza yatoke yote yasije yakamgandia.

Nani kawadanganya? Kichanga kuvimba matiti ni kawaida, awe wa kike au wa kiume. Homoni za mama zimempata kupitia kondo la nyuma, ndiyo maana wengine hutokwa na matone ya maziwa kabisa. Ukimwacha, yananywea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukikamua, unachubua ngozi, bakteria wanaingia, na yale maziwa ndiyo kwanza yanazidi kutoka. Kwa mtoto wa kike ni hatari zaidi, maana jipu likiharibu titi changa, akikua linaweza kubaki dogo kuliko mwenzake.

Sipingi mtoto kukandwa. Kiganja chenye mafuta, taratibu, mgongoni na miguuni, mbona vizuri tu. Napinga hizi nguvu: kumning'iniza mkono mmoja eti anyooke, kumvuta pua ichongoke, kumbonyeza utosi. Utosi jamani!

Na wauguzi nao siwaachi. Mama anaruhusiwa kadi ya kliniki mkononi, hakuna aliyemwambia neno moja kuhusu matiti ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri hata kuogeshwa kusubiri saa 24 baada ya kuzaliwa, lakini mzazi wa uzazi wa kwanza atajulia wapi kama hamsemi? Anarudi nyumbani, anayemfundisha ni mkandaji.

Msije hapa kuniambia nyie mlikamuliwa na mkakua. Huyu wetu yuko wodini.

Mwenye kichanga ndani, titi likivimba usiliguse, usilikande, usiweke dawa yoyote. Likiwa jekundu au la moto, au mtoto ana homa, au hataki kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na mkandaji akigonga mlango asubuhi, mlipe chake aende.