Kwa nini lazima barafu ya Antaktika ndipo tujue hewa ya kale?

Swali
Wakuu, watafiti wanachimba barafu Antaktika ili kujua hewa ya zamani ilikuwaje. Inatolewaje bila kuchanganyika na ya leo? Na mahali palipojitenga vile panawezaje kusemea dunia nzima?

Jibu 1
Nianze na la pili. Hewa ukaa hukaa angani muda mrefu, na pepo huisambaza kote duniani ndani ya mwaka mmoja au miwili. Antaktika haina misitu wala viwanda vya kuvuruga vipimo, ndiyo maana panafaa.

Theluji ya ndani ya bara hilo karibu haiyeyuki, hujigandamiza mwaka hadi mwaka. Kwenye kina cha takriban mita 60 hadi 100 matundu hujifunga na hewa hunaswa kwenye viputo. Hapa wengi huteleza: kabla ya kufungwa, hewa ilikuwa bado inapenya kutoka juu, kwa hiyo ni changa kuliko barafu iliyoizunguka, pengine kwa maelfu ya miaka pale theluji inapoanguka kidogo. Tofauti hiyo isiporekebishwa, mfuatano wa joto (linalosomwa kwenye barafu yenyewe) na hewa ukaa unasomeka vibaya.

Maabara huondoa kwanza tabaka la nje, kwa sababu limegusana na kimiminika kinachojazwa shimoni ili barafu isilifunge kwa uzito wake. Kipande cha ndani husagwa kikiwa kimeganda, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote. Ukipima hewa ukaa usikiyeyushe, maana gesi hiyo huingia kwenye maji. Kwa gesi ya methani kuyeyusha kunakubalika.

Jibu 2
Naongezea kuhusu Greenland, maana nako kuna barafu nene. Barafu yake ina vumbi lenye chokaa. Likikutana na asidi huzalisha hewa ukaa humohumo, na kipimo kinapanda kwa uongo. Antaktika vumbi ni kidogo. Mchimbo wa Dome C huko Antaktika, wenye kina cha zaidi ya mita 3,200, ulitoa rekodi ya miaka 800,000: hewa ukaa ilicheza kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa milioni. Sasa imepita 420. Barafu ile ndiyo inatupa cha kulinganisha nacho.

Jibu 3
Msisahau barafu tete, takriban mita 500 hadi 1,200 chini. Viputo vyake vimebanwa mno, kipande kikifika juu kinapasuka na kimiminika kinaingia kwenye nyufa. Huachwa kituoni kwenye baridi kali kwa miezi kadhaa kitulie ndipo kisafirishwe.

Muuliza swali
Ahsanteni. Kwa hewa ya sasa, setilaiti hazitoshi?

Jibu 1
Hazitoshi. Mfano ni ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua: kupungua kwake kulitangazwa 1985 kutokana na vipimo vya ardhini vya Halley, kituo cha Uingereza huko Antaktika. Setilaiti nayo ilikuwa imeona viwango hivyo vya chini, ila vilikuwa vimewekewa alama ya kutiliwa shaka. Mkataba wa Montreal, wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, ulitiwa saini 1987, miaka miwili tu baadaye. Kituo kimoja kilichopima kwa uvumilivu tangu miaka ya 1950 kilichangia sana kuwezesha hilo.