Skonto ya Riga iliujenga mpira wa Latvia au iliudumaza?

Mleta mada:

Klabu ya Skonto ya Riga, mji mkuu wa Latvia, ilitwaa ubingwa wa nchi yake mara 14 mfululizo, kuanzia mwaka 1991 hadi 2004, na Desemba 2016 ikatangazwa kuwa imefilisika. Wengi wanaoisimulia historia hiyo huigawa vipande viwili visivyohusiana: kwanza enzi ya utukufu, kisha msiba uliozuka ghafla. Mimi nakiona ni kisa kimoja. Hoja yangu ni kwamba utawala ule uliudumaza mpira wa Latvia, na kwamba mbegu ya anguko la 2016 ilipandwa wakati makombe yangali yakipangwa kabatini.

Latvia ilipojitoa katika Umoja wa Kisovieti, viwanda na taasisi za dola zilizokuwa zikizilisha klabu zilianza kusambaratika, na timu iliyowahi kumpata mfanyabiashara mwenye fedha ndiyo iliyopumua. Skonto, iliyoanza kwa jina la Forums-Skonto, ilikuwa na Guntis Indriksons. Mwaka 1992 RAF ya Jelgava iliifikia kwa pointi, ikabidi bingwa apatikane kwa mechi ya ziada. Skonto ikashinda, na wapinzani wakangoja hadi 2005, Liepājas Metalurgs, klabu ya mji wa Liepāja, ilipoukata mnyororo huo. Fikirini kijana aliyezaliwa wakati ligi hiyo inaanza: alifika umri wa kuichezea timu ya vijana bila kumwona bingwa mwingine.

Kisha tazameni nani alikaa wapi. Indriksons, mwasisi wa Skonto, alikuwa rais wa shirikisho la soka la Latvia kuanzia 1996 hadi 2018. Aleksandrs Starkovs, kocha wa Skonto tangu 1993, alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2001 huku akiendelea na klabu yake. Uwanja wa Skonto, uliofunguliwa mwaka 2000, ukawa ndio uwanja wa timu ya taifa. Simtuhumu mtu yeyote kwa hila. Ninachosema ni kwamba nyumba nzima iliegemezwa nguzo moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchimba msingi wa nguzo ya pili.

Mchangiaji wa kwanza:

Nashukuru kwa mada, ndugu, lakini naomba kutofautiana nawe, na hoja yangu ni moja: Euro ya 2004. Nchi yenye watu wasiozidi milioni mbili na ushei, ambako mpira wa magongo wa barafuni ndio mchezo unaopendwa zaidi, iliishinda Sweden 1-0 ugenini, ikaingia mchujo, ikakutana na Uturuki, timu iliyokuwa imeshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 2002. Riga, Latvia ilishinda 1-0. Istanbul Waturuki walitangulia kwa mabao mawili, yakarudishwa yote, na Latvia ikafuzu. Kule Ureno, fainali zilikochezwa, waliilazimisha Ujerumani sare ya 0-0. Hadi leo Estonia na Lithuania hazijafika fainali hizo hata mara moja.

Kikosi kile kilitoka wapi? Pahars, Bleidelis, Astafjevs, Stepanovs, Laizāns, Zemļinskis, Verpakovskis: wote walipitia Skonto. Pahars alikwenda Southampton mwaka 1999, Stepanovs akaenda Arsenal mwaka 2000. Wachezaji hao walizoeana kwa miaka, chini ya kocha yule yule, wakajifunza kuteseka dhidi ya wakubwa: Barcelona mwaka 1997, Inter mwaka 1998, Chelsea mwaka 1999. Walifungwa, ndiyo, lakini Barcelona ilihitaji 3-2 nyumbani na 1-0 kule Riga. Unachokiita nguzo moja mimi nakiita shule moja, na shule hiyo ilifaulisha. Kama vipaji vile vingetawanywa katika klabu sita dhaifu, sioni nani angefika Ureno.

Mchangiaji wa pili:

Kabla hatujaendelea, hesabu ya 14 nayo ina utata. Ligi ya 1991 ilianza Latvia ikiwa bado ndani ya mipaka ya Kisovieti, na Pārdaugava, iliyokuwa timu kubwa ya Riga wakati huo, ilikuwa ikicheza katika ligi ya Umoja wa Kisovieti, si katika ligi ya nyumbani. Anayeuondoa ubingwa huo anabaki na 13, sawa na Rosenborg ya Norway ya 1992 hadi 2004. Anayeuhesabu anaiweka Skonto pamoja na Lincoln Red Imps ya Gibraltar, iliyofikisha 14 mwaka 2016. Mimi nauhesabu, kwa kuwa bingwa hachagui ligi atakayoikuta.

Mleta mada:

Nakubali kuhusu 1991, na sitaki tukwame hapo. Hoja ya Euro ndiyo yenye uzito, na nakiri kwamba bila Skonto safari ile isingekuwapo. Hata hivyo, tumtazame mtu aliyeifunga Sweden, kisha akaifunga Uturuki katika mechi zote mbili: Māris Verpakovskis. Huyu ni mtoto wa Liepāja. Aliletwa Skonto mwaka 2001 akiwa tayari mchezaji wa ligi kuu. Shule unayoisifu, ndugu yangu, ilivuna pia katika mashamba ya wengine, na wenye mashamba wakabaki na mabua.

Na baada ya mavuno? Starkovs alikwenda Spartak ya Moscow mwaka 2004. Mwaka uliofuata Skonto ikapoteza ubingwa. Ilisubiri hadi 2010 kuupata wa 15, na kocha aliyeuleta alikuwa nani? Starkovs huyo huyo, aliporudi. Mfumo ulioiva haumhitaji mwalimu mmoja kila unapotaka kombe. Mwaka 2015 timu ilimaliza ya pili huku ikiandamwa na madeni, ikanyimwa leseni ya ligi kuu ya 2016, ikashushwa hadi daraja la kwanza, yaani ligi iliyo chini ya ligi kuu, na kabla mwaka haujaisha ikafilisika. Timu ya taifa, nayo, haijarudi tena katika fainali yoyote kubwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ukishasema hivyo, itabidi ueleze habari za Liepāja yenyewe. Metalurgs, iliyouvunja mnyororo wa Skonto mwaka 2005 na kutwaa tena ubingwa mwaka 2009, ilikuwa timu ya kiwanda cha chuma. Kiwanda kilipoanguka mwaka 2013, klabu ilikufa nacho, na mwaka 2014 ikaundwa FK Liepāja mahali pake. Haikutawala miaka 14, haikuwa na kiti katika shirikisho, na bado ilikufa mapema kuliko Skonto. Ventspils ilikuwa bingwa mara sita. Mwaka 2021 UEFA iliifungia miaka saba kwa kosa la kupanga matokeo, nayo ikatoweka. Mabingwa watatu, vifo vya aina tatu. Ugonjwa ni soko dogo lenye watazamaji wachache na fedha za televisheni zisizotosha mishahara. Skonto iliukuta, na iliweza kuishi nao kwa robo karne.

Mleta mada:

Hapo umenibana, na nitapunguza dai langu. Sitasema tena kwamba Skonto iliuleta ugonjwa. Nasema kwamba ndiyo pekee iliyopata muda, fedha na sauti ya kuutibu. Metalurgs haikuwahi kuwa na miaka 14 mezani. Skonto ilikuwa nayo, pamoja na mapato ya wachezaji waliouzwa Uingereza, Ukraine na Urusi, na mwishowe ikashindwa kulipa madeni kama klabu yoyote ndogo isiyo na historia.

Kitu kimoja kilichonusurika ni uwanja. Umesimama pale pale katikati ya Riga ukiwa na jina la Skonto, na anayeutumia sasa ni Riga FC, klabu nyingine kabisa, iliyotwaa ubingwa wa 2018, 2019 na 2020. Nayo inaishi kwa mfuko wa tajiri wake.